Kanga Juu ya Mtu wa Baiskeli

Ninachokisikia mpaka leo si kishindo. Kishindo chenyewe sikukisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mgahawa napuliza moto wa kuni mbichi na akili yangu yote ilikuwa kwenye moshi. Ninachokisikia ni gurudumu. Tik-tik-tik-tik, ile sauti ya gurudumu la nyuma la baiskeli linapozunguka bila mtu kukanyaga pedeli, haraka mwanzoni, halafu polepole, halafu tik, halafu kimya, halafu tik nyingine moja iliyochelewa. Hata sasa hapa Tarime mjini, fundi baiskeli jirani yangu akigeuza baiskeli ya mteja miguu juu na kulizungusha gurudumu, mimi huacha chapati kwenye kikaango na kusimama. Ameshanizoea. Husema tu, "Dada Bhoke ameshasafiri," na wateja hunusa chapati inavyoungua.

Safari hiyo huwa ni ya mahali pamoja, senta ya Issenye, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Na mwezi uliopita niliifanya kwa miguu yangu kweli, kwa sababu Mama Wankuru alikuwa amefariki. Ndiye aliyenipa kazi ya kwanza maishani, katika mgahawa wake wa mabati kando ya barabara, na ndiye aliyenifundisha kukanda unga bila kuuchukia. Msibani niliwekwa chini ya turubai na wanawake wengine, tukichambua mchele, jua likipita kwenye matundu ya turubai na kuangukia mikononi mwetu kama vishilingi vya mwanga. Akaja mzee mmoja mwenye fimbo kutusalimia. Nywele zilikuwa zimegeuka pamba, jina lake sikulijua hata zamani, lakini nilimtambua kwa chakula chake. Kwangu mimi alikuwa Supu Bila Pilipili.

"Shikamoo, tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu.

"Marahaba. Nyie mnamjua huyu?" akawauliza wanawake, akininyooshea fimbo. "Huyu ndiye aliyemfufua mtu pale karavati. Na mimi ndiye niliyeshusha mbuzi kwenye guta la mizigo."

"Ulishusha kwa sababu uliitwa," akasema Ghati, binti wa marehemu, bila kuinua macho kwenye ungo. "Usingeitwa ungekuwa umesimama pale mpaka leo, na Tanesco wameshakufunga nyaya za umeme."

Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kubana midomo. Mzee naye akacheka. "Kweli, mwanangu," akasema. "Ningekuwa nimesimama."

Nami nilicheka, lakini mchele ulikuwa umeacha kupita kati ya vidole vyangu. Hadithi ile imesimuliwa miaka yote hii, na kila anayeisimulia anasema mtu yule "alikuwa amefunikwa", basi. Amefunikwa na nani, hakuna aliyewahi kuuliza. Ni kama kanga ilishuka yenyewe kutoka mawinguni. Basi nimerudi nyumbani, nimenunua daftari, na nitaandika ilivyokuwa.

Mwaka ule nililala stoo, kwenye godoro lililobanwa kati ya gunia la unga na madebe ya mafuta. Stoo ilikuwa na kijidirisha kimoja, ukubwa wa daftari hili, na asubuhi jua likiingia humo lilikuta vumbi la unga hewani, likaligeuza kitu ambacho mpaka leo sijapata neno lake. Nilikuwa nalala chali nakiangalia, najenga hoteli yangu. Ilikuwa na ghorofa moja tu, sikuwa na tamaa kubwa, lakini madirisha yote ya kioo, na wageni wanaokwenda kuangalia wanyama Serengeti wanashuka, wananiuliza mimi njia. Kidato cha nne nilikuwa nimepata matokeo ya kuficha chini ya mto, lakini kwenye ile hoteli hakuna aliyeuliza vyeti. Ndipo Mama Wankuru angepiga bati kwa mwiko. "Bhoke wa Nyanungu, umeamka au bado uko Ulaya?"

Nilikuwa mgeni kidogo pale, nimetoka kwetu Nyanungu. Kikurya changu kilieleweka nusu, Kiikoma chao nilikielewa nusu, tukakutana kwenye Kiswahili. Majina ya watu yalinipotea, kwa hiyo niliwashika kwa sahani zao. Kulikuwa na kijana wa bodaboda, Chapati Mbili Maharage Pembeni, maana maharage yakigusa chapati alirudisha sahani. Kulikuwa na mwalimu wa Chai ya Rangi, ambaye aliongea na kikombe kuliko na watu. Na Supu Bila Pilipili. Kila mmoja nilimtungia maisha. Mwalimu nilimpa mchumba aliye mbali. Chapati Mbili nilimpa woga wa kitu kimoja utotoni. Nilidhani kumtungia mtu hadithi nzuri ni njia ya kumpenda, na sehemu yangu bado inadhani hivyo.

Siku ile ilikuwa ya mnada, na siku ya mnada senta nzima inanuka ng'ombe na nyama ya kuchoma kabla hata ya saa tatu. Asubuhi mapema alikuja mtu na baiskeli iliyobeba sufuria na mabeseni, yamefungwa kwa mipira mpaka baiskeli ilionekana kama harusi inatembea. Si mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvuta maneno. Akakaa mlangoni ili aione mali yake.

"Dada, chumvi ipo?"

"Ya chai?"

"Ya chai. Sukari inanidanganya kwamba nimeshiba."

Nikamletea chumvi kwenye kifuniko. Akatia kidogo, akakoroga, akanywa akiwa amefumba macho. Kisha akaangalia sufuria yangu ya maharage iliyokuwa na tundu. "Hiyo umeiziba na nini?"

"Na ugali."

"Ugali?" Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nikirudi kutoka mnadani nitakuzibia vizuri. Usiniulize bei, nimekuonea huruma."

Akaondoka, na mimi nikiwa nyuma napuliza moto nilikuwa nimeshamtungia mke mnene anayependa kucheka na nyumba yenye mlio wa sufuria. Ndipo likaja lile gurudumu.

Palikuwa karibu, pale barabara inapokata kona kwenye karavati. Mbuzi walikuwa wamevuka, yeye akawakwepa, akapiga jiwe la karavati. Nilipofika mabeseni bado yalikuwa yanabingirika mtaroni. Alilala ubavu, damu ikitoka juu ya sikio, si nyingi, macho ameyafumba kama alivyoyafumba akinywa chai. Watu walikuja mara moja. Nataka hili lieleweke, walikuja, tena mbio. Wa bodaboda walivunja matawi wakayalaza barabarani huku na huku ili gari lisije likamkanyaga, kama inavyofanywa. Mwingine alikusanya mabeseni akayapanga vizuri, kubwa chini, dogo juu. Chapati Mbili aliisimamisha baiskeli kwa stendi. Kila mtu alipata kitu cha kufanya pembeni mwake. Yeye mwenyewe hakuna aliyemgusa.

"Msimguse," ilisema sauti nyuma. "Ukimgusa, polisi wanakuanzia wewe."

"Simu ya kuita gari imepigwa?"

"Watakuwa wamepiga."

Nilichuchumaa. Nzi walikuwa wameshaanza, na jua lilikuwa linampiga usoni. Nilifungua kanga yangu kiunoni, ya kijani yenye maua meupe, iliyoungua ncha moja jikoni, nikaitandaza juu yake taratibu, kuanzia kichwani hadi magotini. Nilifunika na uso, kwa sababu ya nzi. Nilimwambia, "Nakuja, kaka." Sijui kama alisikia. Mama Wankuru alikuwa ananiita kwamba maharage yanashika chini, na watu walikuwa wengi, wanaume, wenye simu na pikipiki, na mimi nilikuwa binti wa maharage tu. Nilirudi nikiwa na moyo mwepesi. Nasema ukweli, nilijiona mwema.

Huko jikoni nikapata kazi kama siku zote za mnada. Watu waliingia makundi makundi, na kila kundi lilipita pale kona kwanza. Ukuta kati ya jiko na meza ulikuwa wa mabati yenye matundu, kwa hiyo maneno yalinifikia bila nyuso.

"Kuna ajali pale karavati."

"Mtu kaumia?"

"Kafa. Wameshamfunika."

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikasema moyoni, maskini, amefariki, na machozi yakatoka, na vitunguu vikanisaidia nisiulizwe. Nilimwona mke wake mnene akipokea habari. Nilimwona anakaa chini polepole. Nililia vizuri kabisa, kwa utaratibu, huku nikikata, na ugali ukiiva. Kundi likatoka, likaingia jingine.

"Polisi bado?"

"Bado. Watu wamekaa tu mbali. Maiti ya barabarani unaigusaje?"

"Nani alithibitisha kafa?"

"Sasa wewe, mtu afunikwe uso mzima, unataka barua?"

Wakacheka. Mtu mmoja akaagiza nyama na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, mwingine akasema maiti mwenyewe ana bahati, kafunikwa kanga nzuri, ya kijani, ila imeungua kwenye ncha.

Kisu kilisimama. Hebu fikiria mtu anasikia mlango ukibishwa, anaona uvivu kufungua, halafu anatambua kwamba anayebisha ni yeye mwenyewe. Kwetu ukimkuta mtu amelala chini na uso umefunikwa, hufunui. Unavua kofia, unasogea, unasubiri wenye kazi hiyo. Waliokuwepo mwanzo walikuwa wameondoka kwenda mnadani. Waliofuata walikuta matawi yamelazwa, mabeseni yamepangwa, baiskeli imesimama, mtu amefunikwa, kila kitu kimefanywa na watu wanaojua. Hakuna aliyetoa habari ya kifo. Niliitoa mimi, kwa kanga, na ikazunguka senta nzima ikarudi kwangu kama habari ya mtu mwingine, nami nikaiamini na kuililia.

Nilitoka na kisu mkononi. Nilikitupa njiani. Ilikuwa inakaribia saa tano, na pale kona kulikuwa na watu labda hamsini, wamesimama nusu duara, kwa heshima, kama kanisani. Supu Bila Pilipili alikuwa ameshika kofia kifuani. Nilipita katikati yao, na nilipofika nikaona kile ambacho yeyote angeweza kukiona. Maua meupe ya kanga yalikuwa yanapanda na kushuka. Kidogo sana, lakini yalipanda, na yakashuka.

Nilifunua uso. Midomo ilikuwa imekauka, na akaitikisa. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja, na mama mmoja akaita jina la Yesu.

"Yu hai," nikasema.

"Yu hai," wakasema nyuma, wakapeana hilo neno mpaka mwisho wa kundi. Nikangoja wakimbie. Hawakukimbia. Niliwaangalia na wao wakaangaliana, na nikaona kwenye nyuso zao kitu ambacho sikukitegemea. Haukuwa ubaya. Ilikuwa haya. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake anayejua zaidi. Watu hawahawa, ng'ombe wa jirani akiibwa na yowe likapigwa, hutoka mbio gizani na mishale bila kuvaa viatu. Lakini yowe linatoka kwenye mji wa mtu, unajua unamkimbilia nani, na kesho utaulizwa ulikuwa wapi. Mtu wa sufuria hakuwa na mji pale. Hakuwa na wa kumpigia yowe, na wao hawakuwa na wa kuwauliza.

"Msaidieni jamani," nikasema, na "jamani" ikapita juu ya vichwa vyao ikaenda zake. Ndipo nikawaita kwa njia pekee niliyowajua.

"Chapati Mbili."

Alikuwa amesharudi kutoka kupeleka abiria. Akajigusa kifua. "Mimi?"

"Wewe. Maharage pembeni. Nenda kituo cha afya, waambie tunakuja na mtu, wajiandae. Sasa hivi."

Akawasha pikipiki kabla sijamaliza.

"Supu Bila Pilipili, tata wangu, lile guta pale, shusha hao mbuzi." Akavaa kofia akaenda. "Mwalimu wa Chai ya Rangi, njoo ushike kichwa, usikiache kikiyumba. Wewe mama wa Kande Bila Mafuta, naomba maji na kitambaa. Wewe wa Nyama Nusu, shika miguu, mura, kijana wewe, usisimame kama mchumba."

Kuna aliyecheka, na kicheko kile kikakata kamba iliyokuwa imewafunga. Baada ya wale watano sikuhitaji kuita tena. Mikono ilikuwa mingi kuliko mtu mwenyewe. Tulimweka kwenye guta juu ya majani na harufu ya mbuzi, mwalimu akikumbatia kile kichwa kama mtungi uliojaa, na akiongea nacho, yule mtu ambaye hakuwahi kuongea. "Tunakaribia, ndugu. Tunakaribia."

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu. "Ameanguka saa ngapi?"

"Saa tatu hivi."

Akaangalia saa ya ukutani. "Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulidhani amekufa."

"Nani aliwaambia amekufa?"

Tuliangaliana, sisi wanne tuliomleta. "Hakuna aliyetuambia," akasema mwalimu, na alikuwa anasema kweli kabisa, na mimi nikanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Aliishi. Nalisema sasa ili msomaji asikae roho juu. Siku ya nne ndugu zake walipatikana, wakaja na gari la kukodi wakamchukua, na mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Nilimuuliza daktari kama ni kwa sababu ya zile saa mbili juani. Akasema hawezi kujua. Hakusema ndiyo, na hakusema hapana, nami nimeishi katikati ya hayo mawili kwa muda mrefu, na nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi hapo na bado akaimba akikanda unga. Lakini kuna jambo nimejifunza na sitaki life na mimi. Nikikuta watu wamezunguka kitu, siulizi tena kama msaada umeitwa. Nauliza umeitwa na nani, na nasubiri jina. Mara nyingi jina halipo.

Jioni ya siku ile senta nzima ilisherehekea. Mama Wankuru alinikatia kipande cha nyama mwenyewe, akawaambia wateja, "Huyu ni mtoto wangu wa Nyanungu." Kila mtu alikuwa shujaa kidogo, na ilikuwa halali yao. Nilisikia mtu akisema mgonjwa atakuwa ameshapelekewa chakula, si wale walimfikisha, na mwingine akasema hakosi. Nilikuwa nimebeba sahani, nimeshapita meza mbili, ndipo maneno hayo yakanifikia. Hakosi. Watu wengi vile.

Kesho yake kulipopambazuka nilikoroga uji wa mtama, nikautia kwenye chupa ya chai, nikamwambia Mama nakwenda na sikusema wapi. Nilitembea. Umande ulikuwa mwingi, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilitembea bila kumtungia hadithi mtu yeyote. Wodini walilala wagonjwa sita na kila kitanda kilikuwa na ndugu, vyombo, mashuka ya maua. Chake kilikuwa na shuka la kituo tu. Mwanamke wa kitanda cha pili aliniambia jana alimgawia maji na vijiko viwili vya ugali laini. "Tulidhani wenyewe mtakuja," akasema, wala hakuwa ananilaumu.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Akafumbua macho, akaniangalia muda mrefu, na sijui kama alinijua. Nilimimina uji kwenye kifuniko. Yule mwanamke alikuwa amegeukia mgonjwa wake. Hakukuwa na mtu anayetusikiliza.

"Mimi ndiye niliyekufunika uso," nikamwambia. "Kwa sababu ya nzi. Nikasema nakuja, sikuja mpaka saa tano. Naitwa Bhoke."

Aliendelea kuniangalia, halafu akafungua mdomo kidogo, kama mtoto. Nikachota kijiko, nikakipuliza mpaka kikapoa, nikampa.